Kisima kwanza, mtambo baadaye: maji baridi ya Lamu katika zama za sola

Mvua ikinyesha juu ya vilima vya mchanga vya Shela, kisiwani Lamu, haikimbilii baharini. Mchanga huinywa papo hapo, nayo hushuka taratibu mpaka ikutane na maji ya chumvi yaliyopenya chini ya kisiwa kutoka kila upande. Maji baridi ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hivyo hayazami. Huelea juu yake kama jahazi lililosheheni, sehemu ndogo ikiwa juu na ubavu mkubwa ukiwa chini. Mji wa Lamu unakunywa kutoka kwenye jahazi hilo. Likitoboka, hakuna kalafati ya kuliziba.

Miaka hii vitu vitatu vipya vimeingia visiwani karibu kwa pamoja: pampu za sola, mitambo midogo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari, na mita za kupimia chumvi zinazoingia mfukoni. Vyote vitatu ni vizuri. Kinachonisumbua ni mpangilio wake. Pampu huja kwanza, mtambo huja wa pili, na mita huja mwisho au haiji kabisa. Ilipaswa kuwa kinyume chake, na hesabu ndizo zinazosema hivyo.

Hesabu ya arubaini

Lita moja ya maji ya mvua ina uzito wa kilo 1. Lita moja ya maji ya bahari ina kilo 1.025 hivi. Tofauti hiyo ndogo ya gramu 25 ndiyo inayobeba kila kitu. Kwa kila mita 1 ambayo maji baridi yamesimama juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo kuna takriban mita 40 za maji baridi kabla hujagusa chumvi. Waliofikia hesabu hii ni Badon Ghijben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Herzberg alikuwa akishughulikia maji ya visiwa vya mchanga vya Bahari ya Kaskazini, mahali ambapo kwa umbo hapana tofauti kubwa na Shela.

Kwa hivyo kisima ambacho uso wake uko nusu mita tu juu ya bahari kinaweza kuwa na mita 20 za maji matamu chini yake. Hiyo ndiyo furaha ya hesabu. Huzuni yake ni kwamba inafanya kazi kwa upande wa pili pia. Ukishusha uso wa maji kwa sentimita 10 na ukaushikilia hapo kwa muda mrefu, mpaka wa chini hupanda kuelekea mita 4. Na kwa kweli hali ni mbaya zaidi ya hapo, kwa sababu mpaka wenyewe si mstari mkali. Kuna tabaka la maji yaliyochanganyika, yasiyo baridi wala ya bahari, na hilo ndilo linalofika kwenye pampu mwanzo. Chini ya kila pampu yenye nguvu huinuka kilima cha chumvi chenye ncha, na ncha hiyo humfuata mvutaji.

Tena haihitajiki chumvi nyingi kuharibu kisima. Maji ya bahari yana gramu 35 za chumvi kwa lita. Katika ndoo 100 za maji ya kisima, ndoo 3 tu za bahari zinaongeza zaidi ya miligramu 1,000 kwa kila lita. Shirika la Afya Duniani linasema maji huwa na ladha nzuri yakiwa chini ya miligramu 600 kwa lita, na yakivuka 1,000 watu huanza kuyakataa. Asilimia 3. Chai ya mchana hiyo hainyweki, na sabuni haitoi povu.

Pampu isiyo na breki

Mvutaji wa kamba na ndoo alichoka. Pampu ya dizeli ilikula pesa. Uchovu na bei ya mafuta vilikuwa breki, ingawa hakuna aliyeviita hivyo. Pampu ya sola imeondoa breki zote mbili. Ukishailipia, kila lita inayofuata ni ya bure, kwa hivyo hakuna sababu ya kuizima. Inawaka yenyewe jua likipanda, inavuta mpaka alasiri, na tangi likijaa yanamwagika bustanini. Nchi nyingine zimeshalionja hili: katika sehemu za India na Yemen, sola imeongeza uvutaji wa maji ya chini ya ardhi mahali ambapo yalikuwa tayari yakipungua.

Chukua pampu ndogo inayotoa lita 3,000 kwa saa. Iache saa 6 za jua kali, itatoa lita 18,000 kwa siku, yaani mitungi 900 ya lita 20. Kwa mwaka ni mita za ujazo 6,570. Sasa uliza ni mvua kiasi gani inayolipa deni hilo. Tuseme kwa mfano kwamba Lamu inapata milimita 900 kwa mwaka na theluthi moja inafika kwenye maji ya chini, nyingine ikipotea kwa jua na mizizi. Hiyo ni lita 300 kwa kila mita ya mraba. Utahitaji mita za mraba 21,900 za mchanga mtupu, zaidi ya ekari 5, kwa ajili ya pampu moja ndogo tu, bila ya jirani hata mmoja. Na kila nyumba inayojengwa juu ya vilima inapunguza mchanga huo, na shimo la choo linaongeza tatizo la pili, uchafu unaoshuka kwenye maji hayohayo.

Dawa si kuikataa sola. Dawa ni kuirudishia breki. Kwanza, mahali pa kisima kimoja kirefu chenye pampu kubwa, tumia visima vifupi vitatu au vinne vinavyovuta kidogo kidogo. Ncha ya chumvi inainuka kwa nguvu ya mvuto wa mahali pamoja, si kwa jumla ya maji. Pili, usishushe pampu mpaka chini. Iweke karibu na uso wa maji, ili kisima kikipungua pampu ikose maji na kuzimika kabla ya kufikia yaliyochanganyika. Kifaa cha kuizuia isivute hewa kinakuja na vidhibiti vingi vya pampu za sola, lakini mafundi wengi huziunganisha nyaya zake mbili pamoja ili kisiwasumbue. Fungua kisanduku uangalie. Tatu, saa ya kuwasha na kuzima: saa moja ivute, saa moja ipumzike. Nne, boya kwenye tangi, ili likijaa pampu isimame.

Na kibali. Sheria ya Maji ya Kenya ya 2016 imeipa Mamlaka ya Rasilimali za Maji kazi ya kutoa ruhusa ya kuvuta maji ya chini ya ardhi. Wengi wanaiona kama karatasi tu. Kisiwani, ambapo visima vyote vinanyonya kwenye chombo kimoja, ndiyo daftari pekee linaloweza kuonyesha jumla ya wote wanaovuta.

Mita ya mfukoni, na namna inavyodanganya

Mita hii haipimi chumvi. Inapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha inakadiria chumvi kwa kuzidisha namba hiyo. Mita moja inazidisha kwa 0.5, nyingine kwa 0.7, na ndiyo maana majirani wawili hupima kisima kimoja wakagombana. Suluhisho ni kuandika namba ya umeme yenyewe, ile yenye maikrosimensi kwa sentimita, na kuachana na ile ya miligramu. Kwa makadirio, 900 ni maji mazuri bado, 1,500 ni mwanzo wa kulalamika, na bahari yenyewe inasoma kama 53,000.

Kabla ya kuamini namba yoyote, itie mita kwenye kimiminika cha kusahihishia kinachouzwa pamoja nayo, cha 1,413. Isiposoma hapo, irekebishe. Fanya hivyo kila mwezi. Nunua mita inayosawazisha joto, kwa sababu kila nyuzi 1 ya joto hubadilisha usomaji kwa asilimia 2 hivi. Bila ya hilo, maji yaleyale asubuhi na mchana yatakupa habari mbili. Ukimaliza suuza ncha yake kwa maji ya mvua, usiifute kwa kanga.

Kisha jinsi ya kupima. Usichote ndoo ya juu tu. Chukua chupa ndogo yenye shingo nyembamba, ifunge jiwe, ifunge na kizibo chenye uzi wake, ishushe mpaka karibu na chini, kisha vuta uzi kizibo kitoke. Pima ya juu na ya chini. Ya juu ikiwa 800 na ya chini 2,600, chumvi imeshafika mlangoni, hata kama wanaokunywa bado hawajaionja. Pima alfajiri kabla ya pampu kuwaka, na tena baada ya saa mbili za kuvuta. Tofauti ya namba hizi mbili ni muhimu kuliko namba yenyewe: kisima kinachotoka 900 alfajiri kikafika 1,300 saa tatu asubuhi kinavutwa kupita uwezo wake.

Pima pia siku za bamvua na siku za maji mafu. Visima vilivyo karibu na pwani hupumua na bahari, na ukipima bamvua tu mwezi huu na maji mafu tu mwezi ujao utadhani kisima kimepona, kumbe ni mwezi wa angani uliogeuka. Andika tarehe ya mwezi wa Kiislamu kando ya tarehe ya kawaida. Itakusaidia kulinganisha siku zinazofanana, na kila mzee wa mtaani anaweza kukukosoa ukikosea.

Kuna vipimaji vinavyoachwa ndani ya kisima, vinavyotuma usomaji kwa simu kila saa. Ni vizuri, na kwa kisima cha mtaa mzima vinafaa. Tatizo lake visiwani ni moja: ncha huota utelezi baada ya wiki chache na namba hushuka polepole, kama kwamba maji yanazidi kuwa matamu. Hakuna anayeshuku habari njema. Kwa hivyo hata chenye kutuma kwa simu kipimiwe na mita ya mkononi mara moja kwa mwezi.

Mtambo wa bahari

Kiunga, kaskazini karibu na mpaka wa Somalia, kuna mtambo wa sola wa kuondoa chumvi uliojengwa na shirika la GivePower mwaka 2018. Tangu hapo mazungumzo ya maji pwani yamebadilika, na ni haki yabadilike. Ukame wa 2020 hadi 2022 ulikausha misimu mitano ya mvua mfululizo, na bandari mpya ya Lamu, iliyofunguliwa Mei 2021, inaleta watu na kiu yao. Lakini mtambo huu ni kazi nzito kuliko inavyosemwa siku ya kuuzindua.

Kanuni yake ni kuyasukuma maji ya bahari dhidi ya utando mwembamba unaopitisha maji na kuzuia chumvi. Maji yenyewe yanataka kwenda upande wa chumvi, kwa nguvu ya kama baa 27. Tairi la pikipiki hujazwa baa 2 hivi. Ili kuyageuza yarudi nyuma lazima uishinde nguvu hiyo na zaidi, kwa hivyo pampu inasukuma baa 55 hadi 60. Katika kila lita 1,000 zinazoingia, mtambo mdogo unatoa lita 350 za kunywa na unarudisha 650 zenye chumvi ya gramu 54 kwa lita.

Mahali pa kuchotea ndipo panapoamua maisha ya mtambo. Bomba lililotupwa baharini moja kwa moja linaleta mchanga, mayai ya konokono na mwani. Bora ni kisima cha ufukweni, kilichochimbwa juu kidogo ya mstari wa maji kujaa, mchanga wenyewe ukawa chujio. Hapa ndipo mita ya mfukoni inarudi. Maji ya kisima hicho yanapaswa kusoma karibu na 50,000. Yakisoma 30,000, usifurahi kwamba kazi ya mtambo imekuwa rahisi. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya unachovuta ni maji baridi ya vilima yanayotoroka kwenda baharini, na mtambo uliojengwa kuvipumzisha visima vya juu umekuwa kisima kikubwa kuliko vyote. Sogeza.

Usichimbe karibu na mikoko pia. Maji ya tope la mikoko hunuka yai bovu, na yakikutana na hewa ndani ya tangi hubadilika kuwa chembe nyeupe za kiberiti ambazo hakuna chujio la kawaida linalozishika. Chuma kilichomo ndani yake hufanya vivyo hivyo, kikawa kutu ya rangi ya chungwa. Chujio la maikroni 5 (maikroni 1 ni sehemu ya elfu ya milimita) likitolewa baada ya siku tatu likiwa limejaa utelezi wa rangi hiyo, tatizo haliko kwenye chujio.

Kuna kipimo cha uchafu cha dakika 15 ambacho kila fundi wa mtambo anapaswa kukijua. Pitisha maji kwenye karatasi ya chujio yenye matundu ya maikroni 0.45, kwa mgandamizo wa baa 2.1. Hesabu sekunde zinazohitajika kujaza mililita 500. Acha maji yapite dakika 15, kisha hesabu tena. Gawanya muda wa kwanza kwa wa pili, toa jibu kwenye 1, zidisha kwa 100, gawanya kwa 15. Kama mwanzo ilichukua sekunde 30 na mwisho 60, jibu ni 3.3. Chini ya 3 ni salama, juu ya 5 utando utaziba. Karatasi hiyo ndogo iliyotumika ibandikwe kwenye daftari, rangi yake inasema mengi.

Klorini ni sumu ya utando. Tando za kisasa huliwa nayo polepole, na ukishaharibika hakuna dawa. Chumvi inaanza kupita na hairudi nyuma. Kwa hivyo fundi anayetia klorini kwenye tangi la maji ya bahari ili kuua mwani anauua mtambo. Klorini iwekwe mwisho, kwenye maji yaliyokwisha kusafishwa, ibaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita mpaka bombani. Kabla ya hapo maji yapitishwe kwenye chembe za chokaa safi za kazi hiyo, kwa sababu maji yanayotoka kwenye utando hayana madini, yana uchachu kidogo, na yanakula mabomba ya chuma.

Joto nalo. Kila nyuzi 1 ikipanda, maji yanapita kwenye utando kwa urahisi zaidi kwa kama asilimia 3, na chumvi vilevile. Bahari yetu ikiwa nyuzi 29 wakati wa kaskazi, utapata maji mengi yenye chumvi zaidi kuliko ilivyoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji, aliyepimia nyuzi 25. Boroni, madini yaliyomo katika maji ya bahari, pia hupenya zaidi maji yakiwa ya moto. Kwa mnywaji si hatari mtambo ukiwa mzima. Kwa mndimu ni habari nyingine, kwa hivyo usimwagilie ndimu kwa maji hayo bila ya kuyapima.

Sehemu zinazobana maji kwa mgandamizo mkubwa zisiwe za chuma cha pua cha kawaida cha 316. Kinang'aa dukani, lakini maji ya chumvi ya moto yakilala ndani ya maungio yake usiku kucha hutoboa vijishimo kama vya sindano. Dai chuma cha pua cha aina ya super duplex, kinachostahimili chumvi zaidi. Upande wa mgandamizo mdogo, plastiki inatosha.

Paneli ngapi?

Tuseme mtaa unataka lita 10,000 kwa siku, mitungi 500. Kusukuma maji kwa baa 55 na kupata asilimia 35 tu kunakula, pamoja na upotevu wa pampu na mota, kama yuniti 5.8 kwa kila lita 1,000. Ongeza pampu ya kuchotea na vifaa vidogo, ufikie yuniti 7. Kwa siku ni 70. Paneli ya kilowati 1 Lamu inatoa kama yuniti 4 kwa siku baada ya kupoteza kwa joto na vumbi. Utahitaji kilowati 17.5, yaani paneli 32 za wati 550, zinazofunika mita za mraba 83.

Ukiongeza kifaa kinachochukua mgandamizo wa maji mazito ya chumvi yanayotoka na kuusukumia kwenye maji mapya yanayoingia, unashuka hadi yuniti 4.5 kwa lita 1,000, na paneli 21 zinatosha. Kifaa hicho ni ghali na ndicho kinachokatwa kwanza bajeti ikibana. Ni kosa, kwa sababu kinachookolewa kwenye kifaa kinalipwa kwa paneli 11, na nafasi ya kuziweka katika mji wa mawe haipatikani. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na paa zake zimekaa juu ya boriti za mikoko. Lita 1,000 za maji ni tani nzima. Tangi juu ya boriti za zamani si jambo la kujaribu bila ya fundi wa nyumba hizo kupanda kuangalia.

Betri au tando nyingi? Hili halizungumzwi vya kutosha. Utando mmoja wa inchi 4 kwa 40 unapaswa kutoa kama lita 95 kwa saa, ukiulazimisha zaidi unaziba mapema. Ukiendesha saa 6 za jua bila ya betri, unahitaji tando 17 au 18. Ukiendesha saa 20 kwa betri, zinatosha 5 au 6, lakini uhifadhi yuniti kama 50 kila siku. Mimi naelemea upande wa tando nyingi. Utando ni mrija wa plastiki unaobadilishwa na kijana mwenye spana. Betri kubwa ikiharibika kisiwani inasubiri mtaalamu wa bara.

Ila mtambo unaolala usiku lazima uoshwe kila jioni kwa maji yake wenyewe yaliyosafishwa, ili chumvi isigande juu ya utando. Tenga tangi dogo la kazi hiyo na liandikwe. Lisipoandikwa, mtu atachota.

Kila siku andika vitu vinne: mgandamizo wa kuingia na wa kutoka, lita kwa saa, na chumvi ya maji yanayotoka. Lita zikishuka kwa asilimia 10 hadi 15 bila ya joto kubadilika, au tofauti ya mgandamizo ikipanda kwa asilimia 15, osha kwa dawa siku hiyohiyo. Gamba la chokaa huoshwa kwa asidi ya sitriki ya asilimia 2. Utelezi wa vijidudu huoshwa kwa dawa ya upande wa pili, yenye magadi, pH 11 hadi 12, isiyozidi nyuzi 35. Anza na ya magadi. Ukianza na asidi, utelezi hugandamana na utando. Chumvi ikipanda ghafla siku moja, tafuta mpira wa kuziba uliokatika kabla ya kulaumu utando.

Maji mazito yaende wapi

Kwa mtambo huo wa lita 10,000, kila siku zinarudi kama lita 18,500 za maji mazito. Kwenye mkondo mkuu wenye mkokoto mkali, hayo ni kidogo. Kwenye kijito cha mikoko ni mengi, kwa sababu maji haya ni mazito, yanazama na kutambaa chini hadi kwenye mashimo ambamo kaa na vifaranga vya samaki vimejificha, yakalala hapo mpaka bamvua ijayo. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Bomba lipelekwe chini ya mstari wa maji kutoka, mahali penye mkondo, na mwisho wake liwe na matundu yanayorusha maji kwenda juu ili yachanganyike kabla hayajashuka. Kamwe yasirudishwe kwenye shimo la mchanga kisiwani, hata likiwa mbali.

Wengine wanasema tutengeneze chumvi, kama Gongoni kule kaskazini ya Malindi. Katika maji hayo mna kama tani 1 ya chumvi kila siku, kwa hivyo wazo si la kipuuzi. Lakini kuyakausha kwa milimita 5 kwa siku kunataka mita za mraba 3,700, karibu ekari nzima ya vidimbwi vilivyotandikwa visivuje, kwa mtambo mmoja wa mtaa, na mvua ya kwanza ya masika inaviyeyusha. Bara kwenye ardhi tambarare ya udongo wa mfinyanzi, sawa. Juu ya kisiwa cha mchanga, tundu moja kwenye turubai ni chumvi ya gramu 54 au zaidi kwa lita ndani ya jahazi letu.

Jabia, kisima na mtambo kwa zamu

Visiwa vya Lamu Mashariki vinajua jabia, birika la kuwekea maji ya mvua, tangu zamani, na hakuna mtambo unaoshinda hesabu yake. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 80, mvua ya milimita 900, upotevu wa moja ya tano: lita 57,600 kwa mwaka. Familia ya watu 6 ikitenga lita 5 kwa kila mtu za kunywa na kupikia, siku 100 za kiangazi zinahitaji lita 3,000 tu. Milimita ya kwanza ya mvua, lita 80 kwa paa hilo, imwagwe kwa sababu inabeba vumbi na kinyesi cha ndege. Bomba la wima lenye kizibo chini linaifanya kazi hiyo bila ya mtu kusimama mvuani.

Kisiwa kimebahatika kwa jambo moja. Kaskazi, kati ya Januari na Machi, mvua hakuna, jua ni kali na mawingu ni machache. Yaani paneli hutoa umeme mwingi zaidi wakati uleule ambapo visima vimechoka zaidi. Huo ndio msimu wa mtambo kufanya kazi kwa nguvu zote na visima kupunguziwa. Masika, Aprili hadi Juni, majabia yajazwe na yanywewe, visima viachwe vijaze jahazi upya. Miezi ya kusi inayofuata, visima vichotwe kwa kipimo, mita ikiamua, mpaka vuli.

Wakati wa masika mtambo usizimwe ukasahaulika. Utando ukikaa siku chache na maji yaleyale ndani yake huoza. Uwashwe saa moja kila baada ya siku mbili, uoshwe kwa maji yake, ufungwe. Kama utalala zaidi ya wiki, ujazwe mchanganyiko wa asilimia 1 wa metabisulfaiti ya sodiamu, hewa itolewe yote, na kila wiki upimwe pH: ikishuka chini ya 3, mchanganyiko ubadilishwe.